Nyuma ya Bahasha

Nimerudi kazini saa kumi na mbili asubuhi,
vidole bado vina baridi ya karoti za watu,
nikaikuta bahasha chini ya kopo la chumvi:
ya shirika la gesi, imepasuliwa vizuri kwa kisu,
na mgongoni mwake, kwa kalamu ya kijani,
binti yangu amejihamisha.

Hakuaga. Amehama kwa tarakimu.

Mshahara, mia saba na tisini, akipewa zamu zote
pale anapokaanga samaki, Barabara ya Holderness.
Chumba, mia nne sabini na tano
(dirisha moja, ameandika, linatazama bustani ya jirani).
Kodi ya manispaa, sitini na nane.
Umeme na gesi, sabini; pembeni: nitavaa sweta.
Basi, hamsini na sita.
Chakula, mia kamili, na hapo amefutafuta
mpaka karatasi imetoboka kwenye neno nyama.
Simu, kumi.
Halafu mstari ulionyooka, maana Nzigire
hata kichaa chake hukipigia rula,
na chini ya mstari: kumi na moja.
Ameizungushia duara
kama mtu aliyeokota pete.

Nikavua buti, nikajumlisha upya,
kutoka chini kwenda juu,
kama alivyonifundisha karani mmoja wa Uvira
aliyeamini kwamba namba zikipandishwa mlima
ndipo zinaposema kweli.
Kumi na moja.
Mtoto hana kosa.

Nilitaka liwepo kosa.

Kesho kutwa anatimiza kumi na nane.
Kwa umri huo mimi sikuwa na shilingi wala franka,
lakini hapakuwa na mtu wa kunidai dari.
Hapa Hull dari ina bei, na bei ina tarehe,
na tarehe haiulizi kama zamu zimepungua.
Wiki iliyopita tulikwenda kwa wakala, mimi na yeye,
kijana mwenye tai, ananukia peremende.
Akasema: awe na mdhamini,
na mdhamini awe na nyumba yake.
Akanitazama. Nzigire akatazama zulia.
Miaka tisa nimelipa pango katika mji huu
bila kuchelewa hata siku moja,
na siku ile nikaambiwa, kwa adabu, kwamba sihesabiki.
Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga;
hawakusema kama unaruhusiwa kutia sahihi.

Analala chumba kimoja na ndugu zake wawili.
Pazia la maua ndilo ukuta wake.
Usiku husoma kwa mwanga wa simu
Ombeni akiweweseka ng'ambo ya maua.
Nimwambie nini? Kaa, nafasi ipo?
Nafasi haipo. Upo upendo, na upendo
hauna kitasa cha kufunga kwa ndani.

Nikatafuta penseli,
nikaandika alichosahau:
Maji, ishirini na mbili.
Ile kumi na moja ikageuka pengo la kumi na moja.
Nikaketi nalo. Birika ikalia, ikanyamaza.
Gari la taka likapita, likameza mapipa ya mtaa mzima.

Halafu mbele ya ishirini na mbili nikaandika: Baba.
Ni nusu zamu ya Jumamosi. Karoti haziishi.

Bahasha nikairudisha chini ya kopo.

Jioni alinimiminia chai bila kuniangalia.
"Baba," akasema, "mbili zako zinafanana na saba.
Nilisoma maji ni sabini na saba,
nikalia bure kule jikoni kwa watu,
wakadhani ni vitunguu."
Akasogeza sukari upande wangu.

Hakusema anahama lini,
wala la mdhamini limefikia wapi. Sikuuliza.
Alikuwa na sindano, na mapajani sweta,
anashona kiwiko.